Waya ukikatika kwenye chamburo, usilaumu mkono

Mara ya kwanza nilipovuta waya wa shaba nilianguka chali. Nilikuwa darini kwetu mtaa wa Langoni, Lamu, chamburo nimelikaza kwenye jiriwa, waya nimeukamata kwa koleo, na nimeegemea nyuma kwa uzito wangu wote kama mtu anayevuta nanga iliyonasa mwambani. Waya ukakatika. Kisogo kikaenda kwenye ukuta, na mama akauliza kutoka chini ni gunia gani hilo limeanguka.

Kwa asiyelijua, chamburo ni bamba la feleji lenye safu ya matundu yanayopungua ukubwa, chombo cha masonara tangu zamani. Unachonga ncha ya waya, unaipenyeza kwenye tundu, unaikamata upande wa pili na kuvuta. Waya unatoka mwembamba na mrefu zaidi. Hakuna shaba inayopotea: waya wa milimita 2 ukishushwa hadi milimita 1, mita moja inakuwa mita nne. Mimi huu si ujuzi niliorithi. Kazi yangu ni fundi wa umeme. Mikufu na vikuku natengeneza jioni, vingine nauza kwa wageni, vingine huishia mikononi mwa mabinamu zangu kabla havijafika dukani. Lakini nimekata nyaya za kutosha kuweza kumpunguzia mtu mwingine hasara, na wanaoanza kazi hii huniuliza swali lile lile: mbona wangu unakatika?

Kabla ya kugusa mafuta au moto, tazama ni shaba gani uliyonayo, maana shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Hapa ndipo nilipopoteza miezi. Nilikuwa natumia vile vijiti vya manjano vinavyotumiwa na mafundi wa kuchomelea, kwa sababu ni rahisi kuvipata na vimekwisha kuwa na umbo la waya. Vijiti hivyo kwa kawaida vina zinki karibu asilimia 40. Shaba ya namna hiyo hufuliwa vizuri ikiwa ya moto, lakini ukiivuta ikiwa baridi inagoma, halafu inapasuka. Inayovutika vizuri ni ile yenye shaba nyekundu 70 na zinki 30 katika kila mia, ndiyo hiyo hiyo viwanda hutumia kwa maganda ya risasi za bunduki, kwa kuwa nayo huvutwa baridi kupitia kalibu mara kadhaa. Vipande vya bomba na vali vilivyochongwa kwa mashine viache kabisa. Mara nyingi vimetiwa risasi, ile metali laini, ili vichongeke kwa urahisi, na risasi hiyo ndiyo inayovifanya vivunjike ukivikunja. Kama unajifunza tu, anza na shaba nyekundu ya ndani ya nyaya za umeme. Inasamehe.

Sasa moto, maana wengi wanafikiri kazi hii ni ya kuvuta.

Shaba ikivutwa inakuwa ngumu. Tundu la kwanza unaliona jepesi, la pili lina ubishi kidogo, la tatu mishipa ya shingo inasimama. Ukishafika hapo metali ndani yake imeshonana vibaya na haina tena nafasi ya kusogea. Nguvu unayoongeza haiipunguzi, inaikata. Dawa yake ni kuilainisha kwa moto. Mimi sivuki matundu matatu bila moto. Nikitoka milimita 2 kwenda 1.8, kisha 1.6, kisha 1.45, unene wa waya ukiupima kwa eneo la mkato wake umeshapungua karibu nusu, na hicho ni kiasi cha kutosha kwa kikao kimoja.

Viringisha waya uwe kata ndogo iliyobanana, uifunge kwa ncha yake mwenyewe. Waya ukiachwa umetawanyika, uzi mmoja unayeyuka huku mwingine ukiwa bado baridi. Fanya kazi kivulini au baada ya magharibi, kwa sababu unachotafuta ni wekundu hafifu sana, ule ambao juani hutauona. Ukiuona tu, ondoa moto. Nilikuwa nikiusubiri ung'ae kama kaa la moto, nikidhani ukizidi kuwa mwekundu ndio unazidi kulainika. Kumbe chembe za metali zinakua kubwa mno, na waya ukivutwa unatoka na ngozi ya chungwa, mashimo mashimo. Ukipitiliza zaidi zinki yenyewe inatoka kwa moshi mweupe. Moshi huo ukiuvuta kifuani unaweza kushikwa na homa na kutetemeka usiku kama mtu wa malaria. Kaa upande unakotoka upepo. Darini kwetu wakati wa kusi nageuza jiko upande mmoja, kaskazi ikiingia naligeuzia upande wa pili.

Watu wa panga na visu watakwambia usiitie majini itakuwa ngumu. Hiyo ni sheria ya chuma cha feleji. Shaba hii haiwi ngumu kwa maji. Maji yanaipoza tu. Mimi naacha wekundu upotee kwanza, ndipo naichovya.

Ikitoka majini itakuwa nyeusi au na madoadoa ya hudhurungi, na huo weusi ndio unaokwaruza chamburo. Usivute waya mchafu. Kamulia ndimu kwenye maji ya moto, tia chumvi, laza waya humo mpaka rangi ya manjano irudi, suuza, kausha. Mama alipogundua ndimu zake zinakokwenda palikuwa na maneno, siku hizi nanunua zangu. Ila usichote waya kwa koleo la chuma. Maji hayo yanakuwa yameshakula shaba kidogo, na chuma kikiguswa humo, shaba nyekundu inaganda juu ya waya wako na kuuacha na rangi ya waridi. Kijiti cha mti kinatosha.

Halafu nta. Nilipokuwa nahangaika, nilipelekwa kwa mzee mmoja wa mtaa wa Mkomani aliyewahi kufua fedha ujanani. Babu yake, alivyosimulia, alikuwa akiyeyusha riale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha ambazo karibu zote zina mwaka 1780 hata kama zilipigwa miaka mingi baadaye. Nilimwonyesha waya wangu. Hakuutazama waya, alitazama kopo langu la mafuta. "Ndoo," akaniambia kwa Kiamu, "fungua mato." Yaani njoo, fungua macho. Akachukua pande la nta ya nyuki, akauweka waya karibu na jiko upate uvuguvugu tu, akaupitisha juu ya nta mara moja. Moja tu. Sikuona kitu juu ya waya isipokuwa ung'avu kidogo. Akavuta kwa mkono mmoja, ameketi, huku anazungumza.

Kopo langu lilikuwa na mafuta ya nazi. Si mabaya kwa kila kitu, lakini ndani ya tundu pana shinikizo kubwa, na mafuta mepesi hukamuliwa nje, shaba ikabaki inasuguana na feleji. Inaanza kunata. Chembe zake zinagandia mdomoni mwa tundu, na kila waya unaofuata unatoka na mchirizi. Nta haikimbii, inabaki katikati. Sabuni kavu ya mche nayo inafaa, na viwanda vya waya hutumia sabuni ya unga kwa kazi hiyo hiyo. Mafuta machafu ya injini ya boti niliwahi kuyajaribu siku moja ya uvivu. Yana vumbi la chuma, kwa hiyo ilikuwa sawa na kupaka msasa.

Kosa la pili, kinyume cha hilo, ni kupaka nta kama siagi kwenye mkate. Nta nene inakusanya mchanga, na Lamu mchanga hauna mlango. Unaingia na upepo, na viatu, na paka. Punje moja ikinasa kwenye nta itachora mstari kuanzia mwanzo wa waya hadi mwisho. Mimi nafuta waya kwa kitambaa safi, napaka nta, navuta, nafuta tena. Chamburo nalifunga kwenye kitambaa chake likishamaliza kazi, na matundu nayasafisha kwa kijiti kilichochongwa, si kwa msumari. Kabla ya kurudi motoni nta yote iondoke kwa maji ya moto na sabuni, la sivyo inaungua na kuacha masizi. Na kabla ya kulehemu, zaidi: lehemu haishiki penye mafuta.

(Nta na shaba ni majirani wa siku nyingi hapa. Siwa ya shaba, lile baragumu kubwa, iliyoko kwenye jumba la makumbusho pale ukingoni mwa bahari ilimiminwa kwa kalibu ya nta. Kila nikipita nasimama kidogo kuitazama, na kila mara najiuliza nyuki wangapi walifanya kazi ile.)

Kuhusu kuvuta kwenyewe sina mengi. Ncha ichongwe ndefu kama penseli, si fupi kama jino. Waya uingie kwa upande wa tundu ulio mpana. Uvute sawa na mstari wa tundu, bila kuinamisha, na usisimame katikati, kwa sababu pale uliposimama patabaki alama. Usiruke tundu. Najua unaona lile la mbele linakaribiana na hili, usiruke.

Liko jambo moja ambalo sikuambiwa na mtu, na lilinigharimu vikuku sita. Nilikuwa nimevimaliza, nimevisugua vikang'aa, nikavihifadhi kwenye sanduku katika chumba cha chini, ukuta kwa ukuta na banda la punda wa jirani. Ilikuwa mwezi wa mvua. Nilipovitoa, vinne vilikuwa na nyufa nyembamba, na viwili vilivunjika mkononi mwangu kama kamba kavu ya mnazi. Nikadhani nimeuziwa shaba mbovu, nikaenda kugombana na aliyeniuzia.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba askari wa Uingereza kule India walikumbana na jambo hilo hilo kwa maganda ya risasi. Walikuwa wakiyahifadhi kwenye mabanda ya farasi wakati wa mvua za masika, na wakiyatoa wanakuta yamepasuka. Sababu ilielezwa mwaka 1921: shaba iliyovutwa baridi inabaki na mvutano ndani yake, na hewa ya amonia inayotoka kwenye mkojo wa wanyama ikikutana na unyevu na mvutano huo, shaba inapasuka yenyewe bila kuguswa. Mji wetu una punda wengi kuliko magari, kwa hiyo nadhani habari hii inatuhusu kuliko watu wa Nairobi. Sabuni za kuoshea vioo zenye amonia ni adui yule yule.

Kwa hiyo kikuku kikishakamilika, sikiachi na ugumu wake wote. Nakiweka kwenye jiko la kuokea mikate, nyuzi 250 hadi 300, kwa saa moja. Joto hilo ni dogo, halikilainishi wala halibadilishi umbo, lakini linautoa ule mvutano. Kama huna jiko la namna hiyo, mwombe muoka mikate akuwekee baada ya kutoa mikate ya asubuhi. Mimi ndivyo nilivyofanya mwanzo, kwa malipo ya mkufu mmoja niliomtengenezea mkewe.

Aliyeniuzia shaba nilirudi kumwomba radhi. Akacheka, akanipunguzia bei ya kilo iliyofuata, na akaniambia sanduku nilihamishie darini. Nimelihamisha. Punda bado anagonga ukuta kwa kwato alfajiri.