Mdogo wako atakula nini Daegu: bunsiki, tokboki na kuku anayekaangwa mara mbili

Mkuu, umeuliza kwamba mdogo wako anaondoka mwezi wa nane kwenda kusoma Daegu, Korea Kusini, hali nguruwe, posho yake ni ya kuhesabu, na kwenye tamthilia mmeona watu wamesimama vibandani wanakula vitu vyekundu kama vidole. Mnataka kujua ni nini na kama ataviweza. Nimeishi Daegu miaka minne na nusu, kuanzia 2015, nikarudi bado nadaiwa kitabu cha maktaba. Waliotangulia kujibu wamekueleza habari za nyama choma ya Kikorea. Ni tamu, sibishi, ila mwanafunzi wa posho huiona mara moja kwa mwezi, tena profesa akialika. Siku nyingine zote anakula bunsiki. Majina nayaandika yanavyosikika masikioni mwangu, wajuzi mnisamehe.

Bunsiki maana yake ni chakula cha unga. Miaka ya 1960 na 1970 mchele ulikuwa hautoshi Korea, na ngano ya Marekani ilikuwa ikiingia kwa wingi, kwa hiyo serikali ya kiongozi wa wakati huo, Park Chung-hee, iliwasukuma wananchi wale unga na nafaka za kuchanganya. Shuleni walimu walikuwa wanafungua vyombo vya chakula vya watoto kuona kama wali umetiwa shayiri. Kampeni ikaisha, jina likabaki, na leo vibanda vyake, navyo huitwa bunsiki, vinauza hata kimbapu, ambayo ni wali ulioviringishwa kwenye mwani. Hakuna anayeshangaa. Vingi viko karibu na mageti ya shule na vyuo, meza nne au tano, na mbele kioo kilichojaa mvuke.

Nyuma ya kioo yuko mama mmoja. Utasikia wanafunzi wanamwita "imo", na imo kwa Kikorea ni dada wa mama, yaani mama mdogo. Hakuna undugu wowote, ni heshima tu, kama sisi tunavyomwita muuza vitumbua mama au shangazi. Mimi niliposhika neno hilo kidogo bakuli langu lilianza kujaa. Imo akikuzoea anakuongezea kipande juu na kusema "sebisi". Usidhani anazungumzia huduma. Kwao neno hilo ni nyongeza, ileile unayoidai ukinunua nyanya sokoni.

Sasa vile vidole vyekundu. Vinaitwa tokboki. Ni unga wa mchele (kwenye vibanda vya bei rahisi unga wa ngano) uliopikwa kwa mvuke, ukakandwa na kukamuliwa kuwa vijiti, halafu vikachemshwa kwenye mchuzi wa gochujangi. Gochujangi ni rojo la pilipili, mchele na soya lililochachushwa kwa miezi. Mara yangu ya kwanza nilitafuna nikadhani havijaiva, nikavisogeza pembeni visubiri. Mkuu, vilikuwa vimeiva. Ule mnato ndio wenyewe wanaoutafuta. Utamu unatangulia mdomoni, pilipili inakuja nyuma yake polepole, na ukishapata kijiti cha tatu unaanza kutafuta maji. Zamani tokboki ilikuwa ya mchuzi wa soya, chakula cha ikulu ya wafalme. Hii nyekundu wengi wanamtaja mama mmoja, Ma Bok-rim, aliyeanza kuiuza Sindang-dong, Seoul, mwaka 1953.

Ya Daegu ni kali kuliko ya Seoul na mchuzi wake ni mwepesi, karibu supu. Huko kuna namna ya kuagiza nilijifunza kwa kusikiliza watoto wa shule: "chon, chon, chon", yaani elfu, elfu, elfu. Woni (pesa yao) elfu ya tokboki, elfu ya omuku za kukaanga (hizi ni bapa za samaki aliyesagwa), elfu ya mandu za kukaanga (unga uliofungwa kama sambusa). Bei imeshapanda, ila wenyeji ukisema hivyo wanakuelewa.

Kosa la wageni liko hapa. Nilichukua sahani ya tokboki nikaimaliza. Nikachukua vya kukaanga, vinaitwa twigimu, nikavila vikavu: ngisi, viazi vitamu, na kimari, ambazo ni tambi laini zilizofungwa kwenye mwani na kutumbukizwa kwenye mafuta. Nikaona vya kawaida tu. Aliyenifungua macho ni jamaa wa Unguja niliyekuwa naishi naye chumba kimoja bwenini. Siku ya kwanza kumpeleka alitazama kaunta yote, akacheka, akasema: "Huu si urojo?" Akamwonyesha imo kwa mkono, mimina hivi juu ya hivi. Imo akamwaga twigimu kwenye mchuzi mwekundu, akazigeuza mara mbili, akampa. Mwenyeji wa Forodhani haambiwi la kufanya na bajia karibu na mchuzi. Baadaye tukajifunza kusema "bomuryo juseyo", nichanganyie. Ganda linalowa nje lakini ndani bado linalia chini ya jino, na una kama dakika tano kabla halijawa uji. Kula haraka, usipige picha.

(Huyohuyo jamaa mama yake analima mwani pwani ya kusini Unguja, na hajawahi kuuonja. Mwani wa kimbapu ni wa aina nyingine na huu wa kwao, lakini alipiga simu nyumbani kusimulia kwamba huku watu wanaviringishia wali. Mama hakuamini.)

Twigimu unazoziona zimepangwa kwenye kioo zimeshakaangwa asubuhi au mchana. Usizidharau kwa kuwa zimepoa. Ukiagiza, imo anazirudisha kwenye mafuta ya moto mkali. Zilipokuwa zimepumzika, unyevu wa ndani ulisogea kwenye ganda. Ule mzamo wa pili unaufukuza na ganda linakauka kabisa. Kama imo anakupa moja kwa moja kutoka kwenye kioo bila kurudisha, hama kibanda. Angalia pia rangi ya mafuta, kama ambavyo ungemwangalia muuza chipsi wa kwenu.

Kuna sufuria nyingine yenye vijiti vimesimama. Hizo ni omuku za kuchemsha, zinatoka kwenye supu ya dagaa wakavu na figili. Unavuta kijiti, unakula umesimama, mwisho imo anahesabu vijiti. Supu yenyewe ni bure kwenye kikombe cha karatasi. Januari, hewa iko chini ya sifuri na mtu umetoka Tanga, kile kikombe unakishika kwa mikono miwili hata kama huna njaa. Kiangazi ni kinyume chake: Wakorea wanauita mji huo "Depurika", Daegu na Afrika kwa pamoja, kwa sababu ya joto. Nimetoka Pwani ya Afrika nikalalamika joto Korea, na wenzangu darasani walifurahi sana.

Habari ya nguruwe, nisikilize vizuri. Wiki yangu ya pili niliona kibao kimeandikwa kwa herufi zetu "sundae". Nikajua aiskrimu, nikaagiza mbili, yangu na ya yule jamaa wa Unguja. Zikaja sahani mbili za soseji nyeusi zinazotoa moshi, na vipande vya ini na mapafu pembeni. Ni utumbo wa nguruwe uliojazwa damu na tambi. Jamaa hakusema kitu, alisimama tu akaenda kukaa meza nyingine. Nilizila zote mbili, na kwa kweli ni tamu, lakini mdogo wako inabidi alikariri hilo jina kabla ya salamu. Kimbapu ya kawaida nayo ina kipande cha hemu (nyama ya nguruwe ya kiwandani), aseme "hemu pejuseyo", yaani toa hemu, hata akiagiza ya samaki jodari. Gochujangi nyingi za kiwandani zina spiriti kidogo ya kuhifadhia, na kwenye baadhi ya vibanda mafuta ni mamoja kwa kila kitu. Mwenzangu wa Unguja alichagua kula samaki, mayai na mboga, kuku akawa ananunua waliochinjwa kwa dini kwenye maduka ya Wauzbeki na Wapakistani, maana maeneo ya viwanda ya Daegu yamejaa wafanyakazi kutoka huko. Migahawa ya halali ya Kikorea hasa iko Seoul, Itaewon, kuzunguka msikiti mkuu uliofunguliwa 1976. Mengine amuulize shekhe wake, mimi si msemaji.

Tuje kwa kuku, maana hapo Daegu wanajidai na wana haki. Kuku wa kukaanga alienea Korea miaka ya 1970, mafuta ya kupikia yalipoanza kupatikana kirahisi. Yule mwekundu mwenye kung'aa, yangnyomu, anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wake ni Yoon Jong-gye wa Daegu, kwenye miaka ya 1980. Tatizo lake lilikuwa dogo: wateja walilalamika ganda ni gumu, linakwaruza kaakaa. Akatengeneza mchuzi wa pilipili na asali ya wanga, akaupaka. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa 1997, wengi waliopunguzwa kazini walifungua duka la kuku, ndiyo maana kila kona lipo. Mji una tamasha la kuku na bia tangu 2013. Mimi kwa bei ya kuku mzima, woni 17,000 na zaidi enzi zangu (sasa ni zaidi ya 20,000), nilikuwa nachangishana na wenzangu wawili. Kuku wao ni mdogo, kama kilo moja, saizi ya wetu wa kisasa, na huja na vipande vya figili ya siki bure.

Lakini ukiniuliza nilichokipenda kuliko vyote, ni firigisi. Kwenye soko la Pyeonghwa kuna uchochoro mzima wa firigisi za kuku za kukaanga, jina lake la Kikorea ukilitafsiri neno kwa neno ni "nyumba ya mavi ya kuku", na watu wanapanga foleni bila aibu. Ganda jembamba, ndani inagonga jino, unachovya chumvi. Bia moja, firigisi, stori. Wachache sana nimewasikia wakiisifia Daegu kwa hilo na sijui kwa nini.

Ulitaka pia kujua kama vinapikika nyumbani. Tokboki hapana, sijawahi kuupata ule mnato kwa unga wetu, nilipata ugali wa mchele wenye pilipili. Kuku ndiyo. Kata vipande vidogo, vikaushe na kitambaa, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, kisha wanga wa mahindi mtupu, usitie yai. Kaanga kwenye moto wa wastani mpaka viive vikiwa bado vyeupevyeupe, vitoe, ukae dakika kumi. Hizo dakika kumi ndizo watu wanaziruka. Ongeza moto, rudisha dakika mbili tatu mpaka sauti ya mafuta ibadilike, ile chachacha inapungua na inakuwa nyembamba. Toa hapo.

La mwisho ni dogo: bunsiki nyingi maji na figili ya njano unajichukulia mwenyewe kwenye kona. Mimi siku ya kwanza nilikaa dakika ishirini nasubiri kuletewa maji, huku pilipili inaniunguza, mpaka imo akanionea huruma akaniletea jagi zima.