Panja Kali, Jicho Ukungu: Maswali Yenu Kuhusu Lenzi za Tundu Kubwa

Barua za safari hii zimejaa kilio kimoja. Watu wamepata lenzi za picha za sura zenye tundu kubwa, f/1.4 hadi f/1 (namba ikipungua, tundu linakuwa kubwa zaidi), wamezifunga kwenye kamera za renjifainda, na jicho la anayepigwa picha halitoki sawasawa. Kwa ambaye hajawahi kuzishika: kwenye kamera hizi, Leica M ikiwa ndiyo maarufu zaidi, huangalii kupitia lenzi. Unaangalia kupitia kidirisha cha pembeni chenye kiraka angavu katikati, na ndani ya kiraka hicho vitu vinaonekana mara mbili. Unazungusha pete ya lenzi mpaka taswira mbili zilaliane. Hapo fokasi imepatikana.

Natumia Noctilux, lenzi ya Leica ya 50mm f/1. Nalenga jicho, kiraka kinalaliana vizuri kabisa, lakini picha ikitoka, nywele za panjani ni kali na jicho lina ukungu. Je, nimeuziwa lenzi mbovu?

Kabla hujaipeleka kwa fundi, chunguza unachofanya kati ya kupata fokasi na kubonyeza. Kiraka kiko katikati tu. Kwa hiyo unaweka jicho la mtu katikati, unapata fokasi, halafu unainamisha kamera ili jicho lipande sehemu ya juu ya picha. Hapo ndipo unapolipoteza.

Tupige hesabu. Mtu yuko mita 1 kutoka kwako, kamera umeisimamisha wima, na unataka jicho likae milimita 9 juu ya kitovu cha fremu. Itabidi uinamishe kamera nyuzi 10 hivi. Sasa, uwanda wa ukali, yaani bapa la mbele ya kamera ambamo vitu hutoka vikali, unalala sambamba na filamu au sensa, nao umeinama pamoja na kamera. Matokeo yake unapita milimita 16 nyuma ya jicho. Na kwa f/1 kwenye mita 1, ukali wote ulio nao, mbele na nyuma kwa jumla, ni milimita 23 hivi, yaani 11 na kidogo kila upande. Milimita 16 zimekwisha kukutoa nje. Lenzi haina kosa lolote.

Dawa yake: usiinamishe, shusha. Teremsha kamera nzima ikiwa imenyooka, kwa kukunja magoti kidogo. Au panga picha kwanza, jicho likiwa tayari karibu na mahali pake, kisha sogeza kidogo tu kupata fokasi na urudi. Mwenye kamera ya dijitali ya megapikseli 24 ana njia rahisi kuliko zote: aache jicho karibu na katikati, akate picha baadaye. Mimi nasisitiza sana jambo hili kwa sababu nimeona watu wakiuza lenzi nzuri kwa bei ya kutupa, na kumbe tatizo ni nyuzi 10 za shingo.

Jambo la pili ni mwili. Mtu aliyesimama huyumba bila kujijua, na wewe pia unayumba. Mkalishe, mgongo uegemee kitu. Weka pete karibu na mahali panapotakiwa, kisha malizia kwa kusogea wewe mwenyewe mbele na nyuma polepole; taswira zikilaliana, bonyeza papo hapo. Ukingoja kuhakikisha mara ya pili, umeshachelewa.

Sawa, lakini nitajuaje kama kosa ni langu au ni la kamera?

Swali zuri, na jibu lake halihitaji vifaa vya gharama. Anza mbali. Tafuta mnara wa simu ulio zaidi ya kilomita moja, zungusha pete hadi mwisho wa upande wa mbali, uangalie kiraka. Mnara lazima uwe mmoja. Ukiwa miwili, jaribu lenzi nyingine. Zote zikikosea namna ileile, mkosaji ni kamera. Taswira moja ikipanda juu ya nyingine badala ya kukaa ubavuni mwake, hilo ni kosa la wima: haliharibu fokasi lenyewe, ila linalichosha jicho na kukufanya ukisie.

Kisha njoo karibu. Kamera kwenye stendi, rula imelazwa mshazari mita 1 mbele yake, tundu wazi kabisa. Lenga alama moja, piga, vuruga pete, lenga upya, piga tena, na uendelee hivyo mara kadhaa. Sasa zitazame picha zote pamoja. Ukali ukitawanyika, mara mbele ya alama mara nyuma, ni jicho lako au mkono wako. Ukiangukia upande uleule kila mara, ni chombo.

Ukitaka kuelewa kwa nini chombo huhama, toa lenzi ya Leica M uchungulie ndani, upande wa juu. Utaona kigurudumu kidogo kwenye ncha ya mkono wa chuma. Pete iliyo nyuma ya lenzi inakisukuma, mkono unasogea, na taswira ya pili kwenye kiraka inahama. Kwa f/1, lenzi ikikaa milimita 0.03 tu kando ya mahali pake umeshafika mpaka wa ukali. Kamera ikidondoka hata mara moja, kipimo hicho kinaweza kupotea. Usikirekebishe mwenyewe kwa bisibisi; mpe fundi anayezijua renjifainda.

Kati ya Leica M3 ya zamani na M6, ipi inafaa zaidi kwa lenzi hizi?

Kinachoamua ni umbali kati ya madirisha mawili ya renjifainda, ukizidisha na ukuzaji wa kidirisha unachoangalilia. Leica M zote zina milimita 69 hivi. M3 ya mwaka 1954 inakuza mara 0.91, kwa hiyo unapata kama 62. M6 ya kawaida inakuza 0.72, unapata 50. Namba ikipanda, unaona wazi zaidi taswira zinapopishana. Linganisha na Leica CL ndogo ya miaka ya 1970, inayotoa 19 hivi: hiyo usiifungie f/1 kabisa.

Kwa 50mm na 90mm mimi nachagua M3 bila kusita. Lakini kidirisha chake hakina fremu ya 75mm, ile mistari inayoonyesha mipaka ya picha, kwa hiyo mwenye lenzi ya Leica Summilux ya 75mm f/1.4 atafute M6 ya 0.85, au afunge kikuzaji cha 1.25 kwenye kitundu cha jicho cha M6 aliyonayo.

Navaa miwani. Niivue nikipiga?

Hapana, kama ni ya kuonea mbali. Kidirisha cha Leica M kimetengenezwa kwa dioptri -0.5 (dioptri ni kipimo cha nguvu ya miwani), na kiraka unakiona kana kwamba kiko mita 2 hivi mbele yako. Mistari ya fremu isipokuwa mikali machoni pako, fokasi yako itakuwa ya kubahatisha. Vipo vioo vidogo vya kurekebisha macho vinavyofungwa nyuma ya kamera; jaribu kwanza namba kadhaa kwa daktari wa macho.

Nataka f/1.4 mchana wa jua kali, lakini kasi ya shata ya M6 inaishia 1/1000 ya sekunde.

Ni kweli, kwa filamu ya ISO 100 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga) jua likiwa wazi ungehitaji kama 1/12800. Funga filta ya kijivu ya stopu 4 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), utashuka hadi 1/800 hivi. Na hapa renjifainda inakupendelea: kwa kuwa huangalii kupitia lenzi, kidirisha hakipati giza hata kidogo.

Kwenye ukumbi wa harusi mwanga hafifu, kiraka hakinionyeshi kitu juu ya uso wa mtu, hasa mwenye ngozi nyeusi kama mimi. Nifanyeje?

Renjifainda inahitaji mstari, na shavu laini halina mstari, liwe la rangi gani. Tafuta nukta ya taa inayong'aa ndani ya jicho: zitakuwa nukta mbili, zifanye moja. Hakuna shabaha bora kuliko hiyo, maana iko pale pale unapotaka ukali. Ikikosekana, tumia fremu ya miwani au ukingo wa kope uliopakwa wanja. Kola ya shati, herini na ukingo wa kofia vinaonekana kirahisi, lakini haviko umbali mmoja na jicho. Herini peke yake iko sentimita kadhaa nyuma. Ukilazimika kuitumia, pata fokasi kwenye herini ya upande wa karibu, kisha rudi nyuma kwa kiasi hicho kabla ya kubonyeza. Na kama mwenyewe anakubali, mgeuze kidogo kuelekea taa iliyo karibu, nukta itatokea.