Usinisimulie hadithi, nieleze picha

Uhakiki wangu wa kwanza wa manga, yaani katuni za Kijapani, ulikuwa na aya sita. Tano zilisimulia hadithi tangu mwanzo hadi mwisho, ya sita ikasema michoro "inavutia". Binamu yangu, aliyenibebea kitabu hicho kutoka Montreal, aliusoma akanitumia ujumbe wa mstari mmoja: "Kaka, mbona hujasema kama kina picha?"

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikakitoa kabatini.

Kitabu chenyewe ni Onward Towards Our Noble Deaths, cha Shigeru Mizuki. Kilitoka Japani mwaka 1973, na tafsiri ya Kiingereza ikachapishwa mwaka 2011 na Drawn & Quarterly, nyumba ndogo ya uchapishaji (mnaocheka nawaona) iliyoanza na jarida la katuni mwaka 1990. Katika Vita vya Pili vya Dunia Mizuki alipelekwa kupigana kwenye kisiwa cha New Britain, huko Pasifiki, akapoteza mkono wa kushoto huko huko. Hadithi yake ni ya kikosi kinachoamrishwa kwenda kufa kishujaa. Wanaonusurika wanaonekana aibu kwa jeshi, wanarudishwa wakafe upya.

Katika ule uhakiki niliandika kwamba mchoraji anaiweza miti na meli, ila watu wamemshinda. Askari wake wana pua kama viazi na sura za mchezo mchezo, ilhali nyuma yao msitu umechorwa jani kwa jani utadhani picha ya kamera. Nikaiona ni kasoro. Nikamshauri kabisa afanye mazoezi zaidi! Kijana wa Tanga, kitabu chake cha kwanza cha manga, anamfundisha kazi Mizuki.

Safari hii nilichukua kipande cha karatasi nikawa nafunika viputo vya maneno, naangalia picha peke yake. Kurasa nyingi wale askari wanachekesha: wana njaa, wanaharisha, wanazabwa makofi na wakubwa wao. Kalamu inawapitia harakaharaka tu, kana kwamba hawana uzito. Halafu unafika kurasa za mwisho, baada ya shambulio, na zile maiti zinachorwa kwa kalamu ile ile ya msitu: kwa undani, kwa vivuli. Walipokuwa hai walikuwa vikaragosi. Wamekufa ndipo wanachorwa kama watu. Hakuna kiputo hata kimoja kinachokuambia hivyo. Mimi nilisoma maneno yote nikapitwa na jambo lenyewe.

Tangu hapo sihakiki kitabu cha picha kabla sijakipitia mara mbili, ya pili bila maneno. Ukifanya hivyo utaanza kuona vitu ambavyo macho huviruka: ukurasa huu una visanduku tisa vilivyobanana na unaofuata una kimoja tu, habari mbaya imewekwa mahali ambapo lazima ufunue ukurasa ndipo uione, mtu fulani kila akiongea uongo anachorwa kwa mgongo. Andika namba za kurasa pembeni. Usiamini kumbukumbu yako, mimi yangu imeshaniumbua mara nyingi.

Kwetu hili lina uzito wa pekee. Mwaka 1996 Sasa Sema, mchapishaji mdogo wa Nairobi, alitoa Abunuwasi, kitabu cha katuni cha Gado, kwa Kiswahili. Sasa mtu ahakiki kitabu hicho kwa kunisimulia visa vya Abunuwasi? Visa vyake nimelala navyo tangu nipo kwa bibi. Ninachotaka kujua ni jinsi Gado, mtu ambaye mikono yake imezoea kuwachora wanasiasa, anavyoivuta sura ya mjanja na sura ya anayetapeliwa.

Rangi nayo isomwe. Hadithi ya katuni iitwayo Aya, iliyoandikwa na Marguerite Abouet na kuchorwa na Clément Oubrerie, ilitoka Ufaransa mwaka 2005, na miaka miwili baadaye Drawn & Quarterly wakaitoa kwa Kiingereza. Inatokea Yopougon, mtaa wa Abidjan, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kuna uwanja wa soko ambao usiku wachumba wanakutania kwenye meza tupu za wachuuzi. Vijana wameubatiza Hoteli ya Nyota Elfu. Neno hilo pekee linatosha kukuchekesha, lakini mtazame Oubrerie anavyogeuza rangi jua likizama na soko likibadili kazi. Nyuma ya kitabu wameongeza maelezo ya kufunga kitenge na mapishi kidogo. Wahakiki wengine waliyaruka. Mimi ningeanzia hapo, maana ndipo unapogundua kitabu kinamwona msomaji wake kama mgeni aliyekaribishwa ndani, si mtalii.

Kuhusu manga, sema kinasomwa kutoka upande gani. Si jambo dogo. Mizuki aliachwa asomwe kutoka kulia kama Wajapani wanavyosoma, ila hadithi fupi za Yoshihiro Tatsumi, ambazo kampuni hiyo hiyo ilianza kuzitoa mwaka 2005, zilipangwa upya zisomwe kutoka kushoto. Zamani wachapishaji wengi wa Ulaya na Marekani waligeuza kurasa kama kwenye kioo, na hapo ndipo vituko vilipoanza: watu wote wanakuwa wa mkono wa shoto, na kimono, ambayo aliye hai huifunga upande wake wa kushoto ukiwa juu, inaonekana imefungwa kama ya maiti. Kwa hiyo mchapishaji akichagua upande wowote, ana hesabu ya kutoa, na mhakiki ndiye wa kuidai. Mimi kusoma kutoka kulia hakukunisumbua hata dakika moja. Sisi tuliopitia chuoni, yaani madrasa, tulishazoezwa kufungua vitabu kwa upande huo tungali na meno ya utotoni, na barua za babu zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zilikwenda njia hiyo hiyo. Rafiki yangu wa Mbeya alitaabika siku nzima.

Karatasi, gundi, ukubwa wa herufi: gusa vyote. Mchapishaji mkubwa akikosea toleo moja ana mengine mia ya kumfuta machozi. Mdogo ana vitabu vinne au vitano kwa mwaka, na kila kimoja kimebeba kodi ya chumba. Na hapa ndipo penye mtego ambao ulininasa.

Miaka michache iliyopita mchapishaji mmoja mdogo wa hapa nyumbani alinipa nakala ya bure ya kitabu cha hekaya, picha nzuri ajabu, za wino mweusi. Lakini maneno yalikuwa madogo kama mchanga, na kwenye kurasa kadhaa yalimezwa na mkunjo wa katikati. Nikamhurumia. Nikasifu wino, nikanyamaza kuhusu mengine, wala sikusema kwamba kitabu nilipewa bure. Mama mmoja mwalimu akakinunua nakala kadhaa kwa ajili ya darasa lake kwa sababu yangu. Alinipigia simu akiwa mpole, na upole ule ndio uliouma: "Mwanangu, wewe ulikisoma kweli, au ulikitazama jalada?" Watoto wa nyuma hawakuona kitu. Walioketi mbele walilazimika kukibinya kitabu kifunguke, gundi ikaachia.

Nikarudi kuandika upya. Nikasema nilipewa bure, nikasema herufi hazisomeki, nikasema gundi haifai darasani, na bado nikasema yule mchoraji ni wa kutazamwa, nikieleza picha zipi na kwa nini. Nilijua mchapishaji atanikasirikia, na siku simu yake ilipoita niliiacha iite mara mbili kabla ya kupokea.

Hakunisalimia vizuri. Alikaa kimya kidogo, nikasikia kalamu ikibofywa.

"Maneno yamemezwa kurasa zipi?"

Nikafungua daftari. Wa 14, nikamwambia, wa 22, na ule wote wa mamba.