Kutoka kwenye lori kwenda kwenye basi: dereva mwanafunzi atarajie nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa lori la tani kumi hapa Makambako. Nina leseni ya daraja E, sasa ni mwaka wa nne, na kazi yangu kubwa ni kupeleka mbao na viazi Dar es Salaam. Kampuni moja ya mabasi ya mikoani imekubali kunichukua kama dereva mwanafunzi kuanzia mwezi ujao. Wapo wanaoniambia kwamba nitakaa kiti cha pembeni miezi mitatu bila kugusa usukani, na wapo wanaosema nitakabidhiwa gari na abiria wiki ya kwanza. Naomba kujua mafunzo huwa yanakwendaje, basi linatofautiana vipi na lori kwa mtu ambaye mteremko wa Kitonga anaushuka na mzigo kila wiki, na niulize nini kabla ya kusaini.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Waliokuambia hivyo huenda wote wamesema kweli, kila mmoja kwa kampuni aliyoipitia, maana ratiba za mafunzo hutofautiana sana. Mimi nimeendesha mabasi ya mikoani, na baadaye nikawa mfundishaji wa madereva wapya, kwa hiyo nitakueleza jinsi mafunzo yanayofanywa vizuri yanavyokwenda, ili ukifika huko utambue mapema kama umechukuliwa kufundishwa au umechukuliwa kuziba pengo la dereva aliyeacha kazi.

Karatasi nitazipitia kwa ufupi. Daraja E halikuruhusu kubeba abiria hata mmoja wa kulipa nauli. Basi la abiria 30 au zaidi linahitaji daraja C, na hilo hupewi mpaka uwe umekaa na C1 (daraja la mabasi madogo) au E kwa muda usiopungua miaka 3, sharti ambalo wewe umeshalitimiza. Utatakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya udereva wa magari ya abiria kutoka chuo kinachotambuliwa, na wengi huenda Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo au VETA, utapimwa afya na macho, kisha utathibitishwa na LATRA, ambao ndio wanaowasajili na kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara. Mpaka daraja C lionekane kwenye leseni yako, kukaa kwenye usukani wa basi lenye abiria ni kosa lako binafsi, na siku ya ajali meneja aliyekutuma hatasimama nawe mbele ya hakimu.

Sasa mafunzo yenyewe. Kwa kawaida utaanzia uwanjani na basi tupu: kuingia kati ya koni, kurudi nyuma kwa vioo, kuegesha, kugeuza pahali pembamba. Baada ya hapo hukaa kiti cha pembeni kwa safari kadhaa, na hiki ndicho kipindi ambacho vijana wengi hukidharau kwa sababu wanadhani wamepoteza muda. Ukweli ni kwamba njia unayoijua kwa lori huijui kwa basi. Kwa lori unasimama unapotaka. Kwa basi una vituo, una muda wa kufika kila kituo, una sehemu za chakula, una mizani kama ile ya Vigwaza ambayo basi nalo hupita, na una watu ambao hushuka mahali pasipo na bega la barabara. Chukua daftari. Andika kila kituo kinaingiwa vipi na kinatokwa vipi, mahali ambapo matuta hayana alama, na mahali ambapo malori yaliyoharibika hupenda kuegeshwa yakiwa yamewekewa majani tu barabarani badala ya pembetatu. Tangu safari za usiku ziliporudishwa mwaka 2023, ninawahimiza wanafunzi wangu waombe kuiona njia hiyohiyo gizani kabla hawajapewa sehemu yoyote ya kuendesha, maana majani hayo usiku huyaoni mpaka umeshayafikia. Mwishoni utaendesha vipande vya njia, mwalimu akiwa pembeni, na vipande hivyo vitaongezwa kadiri anavyokuamini.

Uliuliza tofauti ya basi na lori, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo linalowaangusha madereva wazuri wa malori kuliko wale wasiojua kitu.

Kwenye lori lako tairi za mbele ziko karibu na miguu yako, hivyo unapokata usukani, mwili wako na tairi huingia kona pamoja. Kwenye basi kubwa la mita 12 kiti chako kiko mbele ya tairi za mbele. Ukikata kona kwa mazoea ya lori, utakuwa umekata mapema, na tairi ya nyuma ya upande wa ndani itapanda ukingo au kuingia mtaroni. Inakubidi uache pua ya basi ipite, mwili wako uwe kama umeshavuka barabara unayotaka kuingia, ndipo ukate. Mara ya kwanza mtu huogopa, kwani anajiona anakwenda kugonga ukuta wa ng'ambo. Hofu hiyo hupungua baada ya siku tatu hivi za uwanjani, na kwa wengine baada ya wiki.

Mkia nao una tabia yake. Nyuma ya tairi za nyuma kuna karibu mita tatu za bodi, na unapokata usukani wote kulia, mkia huo hutupwa kushoto kiasi cha hatua moja ya mtu mzima. Mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi wa wiki ya tatu, nilitoka kituoni nikikata kulia huku macho yote yakiwa mbele, na mkia ukaifagia meza ya mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa. Hakuna aliyeumia. Machungwa yalitawanyika mpaka chini ya gari, na mwalimu wangu alinizuia nisiondoke mpaka nimeyaokota yote kwa mkono, moja moja, nikiwa na sare, abiria wakitazama dirishani. Tangu siku hiyo sijawahi kutoka kituoni bila kuangalia kioo cha upande ule ninaouacha, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalomtazama mwanafunzi: anapokata kulia, je, macho yake yanakwenda pia kwenye kioo cha kushoto?

Tuje kwenye breki. Malori mengi ya ukubwa wa lako hutumia breki za mafuta zinazosaidiwa na upepo, lakini basi kubwa lina breki za upepo mtupu, na mguu wako utalihisi jambo hilo siku ya kwanza. Kanyagio halikurudishii ugumu uliouzoea. Unafungua vali tu, na breki hushika baada ya kuchelewa kidogo sana, kiasi cha kukufanya uongeze mguu bila sababu na abiria wote wainamie mbele. Ukizoea kukanyaga na kuachia mara nyingi, unamaliza upepo kwenye mitungi. Upepo ukishuka mno, kengele hulia, na ukiendelea kushuka, springi kubwa zilizomo ndani ya chemba za breki za nyuma, ambazo wakati wote zilikuwa zimezuiwa na upepo huohuo, huachiwa na kuzikamata tairi zenyewe. Usalama huo ni mzuri ukiwa umesimama. Ukiwa kwenye mteremko wenye kona, gari linaweza kukamata breki pasipo wewe kuchagua wapi.

Kwa hiyo kila alfajiri, kabla ya abiria kupanda, jaza upepo mpaka mshale ufike alama yake, zima injini, achia handbreki gari likiwa pahali tambarare na tairi zimewekewa vigingi, kisha kanyaga breki na ushikilie dakika nzima huku ukitazama geji. Mshale utashuka kidogo ulipokanyaga, halafu utulie. Ukiendelea kushuka, kuna mahali panavuja, na gari hilo haliondoki hata kama ofisi inapiga simu. Ukimaliza hapo zunguka tairi zote, ukiangalia pia michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati, kwa maana hiyo mara nyingi ni dalili ya nati iliyoanza kulegea.

Kitonga unaijua, lakini unaijua ukiwa na mbao. Kanuni ya gia ni ileile, kwamba unachagua gia ya kushukia ukiwa bado juu na huiachii gari frii, yaani bila gia, hata kidogo. Tofauti ni kwamba mabasi mengi yana ritada, yaani kifaa kinachopunguza mwendo bila kugusa breki za tairi, na mwanafunzi akiipenda sana huisahau hatari yake: ritada hushika tairi za nyuma peke yake. Kwenye lami yenye mvua, hasa mvua ya kwanza inayochanganyika na mafuta yaliyomwagwa na malori, ukiivuta kwa nguvu katikati ya kona mkia unaweza kuteleza. Mvua ikinyesha, ivute hatua kwa hatua ukiwa bado umenyooka.

Jambo jingine ambalo dereva wa lori hulikosa ni sauti. Umezoea kuisikia injini chini yako na kubadili gia kwa sikio. Mabasi mengi ya siku hizi yana injini nyuma kabisa, na ukiwa mbele, redio imewashwa na abiria wanazungumza, huisikii. Itakubidi ujifunze kusoma geji ya mizunguko na ya joto kwa macho, na umzoeshe konda anayekaa nyuma akuambie mara moja akisikia harufu ya mpira au ya nyaya.

Kuhusu mwendo, kikomo chako kitakuwa kilomita 80 kwa saa kwenye barabara kuu na 50 kwenye makazi. Kwa 80 unakwenda mita 22 kila sekunde, na kazi ambayo breki inatakiwa kuifanya kukusimamisha ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya 50, gari likiwa lilelile. Basi lako litakuwa na kifaa cha LATRA cha kufuatilia mwendo, na kitufe chako cha utambulisho kinaonyesha nani alikuwa kwenye usukani saa ngapi. Usimwazime mtu kitufe hicho, hata mwalimu wako.

Abiria hawafungwi kamba kama mbao. Njia rahisi ya kujipima ni kutazama mapazia ya madirishani kupitia kioo cha ndani. Unapopunguza mwendo yakitupwa mbele yote kwa pamoja, ulichelewa kuona kilichokuwa mbele. Dereva mzuri akifika kituoni, mapazia hutikisika tu.

Kabla ya kusaini, uliza mambo matatu. Ya kwanza ni nani atakuwa mwalimu wako kwa jina, maana nimeona mwanafunzi akipitishwa kwa madereva watano kwa mwezi, kila mmoja akimfundisha tabia yake. La pili ni malipo katika kipindi cha mafunzo, kama ni posho au mshahara, nani atalipia chuo na leseni, na ukiacha kazi utadaiwa nini. Yote yawe kwenye karatasi, kwani sheria ya kazi inamtaka mwajiri akupe masharti ya ajira kwa maandishi. La tatu ndilo ninalolihofia zaidi. Safari inayozidi saa 8 za kuendesha inatakiwa kuwa na madereva wawili, na kuna kampuni zinazomwandika mwanafunzi kama dereva wa pili ili karatasi zionekane zimekamilika. Matokeo yake ni kwamba dereva mmoja anaendesha kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya, na anapozidiwa na usingizi ndipo mwanafunzi anapokabidhiwa gari, usiku, bila mwalimu aliye macho. Ukiona jina lako limewekwa hivyo, kataa, na ukatae mapema, kabla basi halijatoka stendi.

Siku ya kwanza nenda na leseni yenyewe, nakala haitoshi, na daftari. Vaa viatu vya kufunga vyenye soli nyembamba. Buti za kazi zenye soli nene utakazokuwa umezizoea kwenye lori hazitakuruhusu kuhisi mwanzo wa kanyagio la upepo, na ndala mwalimu yeyote makini atakurudisha nazo nyumbani.