Maswali ya Wasomaji: Binti Yangu Anaitwa Kibogoyo

SWALI: Daktari, nakusalimu kwa heshima. Binti yangu ana miaka 5. Alipokuwa na miaka 3 aling'olewa meno manne ya mbele ya juu yaliyokuwa yameoza, na mwezi uliopita aling'olewa gego la chini lililotunga usaha. Shuleni wenzake humwita kibogoyo, naye siku hizi hufunika mdomo kwa kiganja anapocheka. Watu wa nyumbani wanasema nisihangaike, kwani hayo ni meno ya utotoni tu. Je, ni kweli? Tena mdogo wake wa miezi 4 anaharisha na ana homa, na mama mkwe anasema ni ebino, ule uvimbe mweupe kwenye ufizi, akakwanguliwe. – Mama wa watoto wawili, Busia

JIBU: Mama, nitaanza na huyo mdogo, kwa sababu lake haliwezi kungoja. Tafadhali usikubali akwanguliwe ufizi. Uvimbe mweupe unaoitwa ebino ni jino la chonge linalokua mahali pake, na halileti homa wala kuharisha. Anayelichimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli humwachia mtoto hatari ya kutokwa damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine, na mara nyingi huharibu pia chonge la kudumu lililo chini yake. Mpeleke kituo cha afya leo hii, apimwe malaria na apewe dawa ya kurudisha maji mwilini, huku ukiendelea kumnyonyesha. Mama mkwe mwambie kwa upole, na ikiwezekana nenda naye, asikie maelezo kutoka kwa mhudumu mwenyewe. Hofu yake inatokana na mapenzi kwa mjukuu.

Sasa binti yako. Kung'oa gego lenye usaha kulikuwa sahihi, kwa maana mtoto mwenye maumivu ya jino hali vizuri, halali, na hata darasani hatulii. Lakini wanaosema ni meno ya utotoni tu wamekosea. Mtoto ana meno 20 ya utotoni, na kila moja humtumikia kwa miaka mingi: ya mbele hupokewa na ya kudumu kati ya miaka 6 na 8, ilhali magego hukaa hadi miaka 9 au 12 hivi. Hesabu mwenyewe ni milo mingapi ya mahindi, nyama na miwa atakayotafuna kwa upande mmoja.

Pengo la gego ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko lile la mbele. Karibu na umri wa miaka 6, gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya magego ya utotoni, na likikuta pengo husogea mbele na kuliziba, kisha jino linalopaswa kuota hapo hukosa nafasi, likatokea upande au likabaki ndani ya ufizi. Kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa meno kabla hajatimiza miaka 6, umuulize kama anafaa kuwekewa kifaa cha kushikilia nafasi, yaani pete ya chuma yenye waya inayovalishwa jino la jirani. Si kila mtoto anakihitaji, na anayekivaa lazima akaguliwe mara kwa mara.

Mapengo ya mbele huweza kumfanya mtoto ateleze katika sauti kama «s», «z» na «th», ingawa wengi hujirekebisha. Kinachoumiza ni jina hilo la kibogoyo. Zungumza na mwalimu wake ana kwa ana, na nyumbani asitokee mtu wa kulirudia hata kwa utani.

Nawe usijilaumu. Katika dodoso moja la maswali 13 ambalo wataalamu hulitumia kupima jinsi afya ya kinywa inavyogusa maisha ya mtoto mdogo, maswali 4 yanahusu familia, likiwemo la mzazi kujiona mwenye hatia. Maana yake wazazi wengi wamepita hapo ulipo. Yatunze meno yaliyobaki: msugue wewe mwenyewe asubuhi na usiku kwa dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya njegere, na akishapigwa mswaki wa usiku asipewe tena chai ya sukari, bali maji tu.