Ngozi na Rungwe kwa wikiendi moja: njia, tope na muda

Mkuu, umeuliza kama Ziwa Ngozi na Mlima Rungwe vinawezekana Jumamosi na Jumapili ukitokea Mbeya mjini bila gari binafsi. Vinawezekana, ila anza na Ngozi. Ukianza na Rungwe, Jumapili magoti hayatakubali mteremko wowote.

Panda gari za Tukuyu au Kyela, zile zinazokata kona Uyole, na umwambie konda akushushe Mchangani, njia ya Ngozi, maeneo ya Isongole. Kutoka lami hadi ukingo wa msitu ni kilomita kadhaa katikati ya mashamba ya viazi. Chukua bodaboda, ila mpatane bei ya kwenda na kurudi na umlipe nusu tu, la sivyo jioni utarudi kwa mguu. Mvua ikiwa imenyesha usiku, bodaboda atakushusha kabla ya mwisho wa njia. Usibishane naye, ile barabara ikilowa haipitiki.

Kutoka ukingo wa msitu hadi juu ya ukuta wa kreta (shimo la volkano ambamo ziwa limelala), weka saa moja hadi moja na nusu. Mwanzo ni tambarare kidogo, halafu kipande cha mwisho kinasimama kabisa na unapanda kwa kushika mizizi. Umbali ni mfupi, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Kinachochosha ni ardhi yenyewe. Eneo lote limefunikwa na majivu ya volkano na mawe mepesi yenye vitundu, hayo ambayo ukiyaweka kwenye maji yanaelea. Udongo wa aina hiyo haukupi mshiko: ukikauka ni vumbi linalokimbia chini ya kiatu, ukilowa ni sabuni. Raba za kawaida zenye soli bapa hazifai hata kidogo. Gambuti linazuia maji, ila kwenye mteremko mguu unacheza ndani na vidole vinaumia. Kama huna buti za mlimani, njumu za mpira zenye meno ya raba zinashika tope vizuri sana, kasoro yake ni kuteleza juu ya mizizi. Kata fimbo ndefu kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu utaitumia zaidi kwenye kushuka.

Suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi. Siafu wanavuka njia, na pembeni kuna majani yanayowasha, kwa hiyo usishike mmea usioujua hata ukiteleza.

Fika juu kabla ya saa nne asubuhi. Ukungu ukishapanda, unaweza kukaa ukingoni saa nzima usione hata tone la ziwa. Kukiwa wazi utaliona lote chini yako: urefu kama kilomita 2.5, upana 1.6, uso wa maji ukiwa kwenye mita 2,060 hivi juu ya bahari, na hakuna mto unaotoka.

Kushuka hadi majini? Mimi nasema usishuke, isipokuwa kiangazi, ukiwa na mwenyeji na kamba. Ni kama mita 200 za ukuta, na udongo ni ule ule uliolegea. Anayeshuka nyuma anaporomosha mawe juu ya anayetangulia, kwa hiyo mkiwa kundi mshuke mmoja mmoja. Kupanda tena huchukua muda mara mbili au zaidi ya kushuka. Usitegemee maji ya ziwa kwa kunywa pia, kwa sababu chini yake kuna joto la volkano linaloingiza maji yenye chumvi. Beba lita mbili zako. Waongoza njia watakupa hadithi ya hazina ya Wajerumani iliyozamishwa mle. Sikiliza tu, mkuu, ni sehemu ya safari.

Lala Tukuyu au Isongole, na ubebe sweta. Watu wa Dar hudharau baridi ya huku.

Rungwe ni habari nyingine: karibu mita 2,960, siku nzima kwenda na kurudi. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa hiyo pita ofisini kwao Tukuyu Ijumaa, maana wikiendi unaweza kukosa mtu wa kukuandikia kibali. Anza kutembea saa 12 asubuhi. Njia inapita msitu mzito, kisha mianzi, kisha vichaka vifupi na nyasi karibu na kilele. Kwenye mianzi ndipo watu hupotea, kwa sababu iliyoanguka huziba njia na kila upenyo unafanana na mwingine, kwa hiyo mwongozaji hapo ni lazima. Jiwekee saa ya kugeuka: ikifika saa saba mchana hamjafika kileleni, rudini.

Msitu huu una kipunji, aina ya kima ambaye wanasayansi walimtangaza 2005 wakati wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Kumwona ni bahati, kumsikia ni rahisi zaidi.

Ukitaka kupiga hema, epuka mabonde na mashimo, hasa upande wa mlima Kyejo. Hewa ya kaboni hutoka ardhini sehemu nyingi huku (upande huo huo huvunwa kwa ajili ya soda), na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama bondeni alfajiri upepo ukitulia. Ukiona wadudu au ndege waliokufa wamelala pamoja shimoni, ondoka na upande juu.

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Machi na Aprili achana nayo kabisa.

Mkiwa na watoto, futa Rungwe na Jumapili mwende Daraja la Mungu na Kijungu kwenye mto Kiwira, ambako maji yamepenya chini ya lava ya zamani. Mawe ya kingo ni laini na yamelowa, kwa hiyo mtoto ashikwe mkono. Kijungu kipo eneo la Chuo cha Magereza, jiandikisheni getini na msielekeze kamera kwenye majengo.