Dr. Ruth alikuwa daktari kweli?

Umeuliza kama yule bibi wa redio Marekani, Dr. Ruth, alikuwa daktari kweli au jina tu la redioni. Alikuwa dokta wa kusomea, ila sio wa kudunga sindano, doktareti yake ni ya elimu, Chuo Kikuu cha Columbia 1970, halafu ndo akasomea ushauri wa mambo ya chumbani.

Redio aliingia akiwa ashapita 50, mwaka 1980, kituo cha WYNY New York, wakampa dakika 15 tu tena Jumapili baada ya saa sita usiku, yani muda ambao hata walinzi wanasinzia 😂 na malipo dola 25 kwa wiki. Watu wakasikiliza hivyo hivyo, mwaka uliofuata akapewa saa nzima na simu zikawa zinapigwa laivu.

Mi naona siri yake ilikuwa sauti. Kibibi kifupi kama mita 1.4 hivi, lafudhi nzito ya Kijerumani, anataja viungo kwa majina yake bila kuzunguka na bila kucheka, we unayepiga unajikuta aibu imeisha. Hawa watangazaji wetu wa vipindi vya usiku, wengine msikilizaji analia yeye anagonga saundi efekti ya kicheko, aah.

Na kabla ya yote hayo alikuwa mtoto Myahudi aliyepelekwa Uswisi 1939 kukimbia Wanazi, wazazi wake hakuwaona tena. Alifariki Julai 2024 akiwa na miaka 96.